Maswali ya Wasomaji: Unapokwenda Kujitolea Ugenini

Barua za mwezi huu zimeelekea upande mmoja. Vyuo vinakaribia kufungwa, vijana wetu wanajiandaa kwenda kujitolea nchi za watu, na huku magharibi mwa Kenya nao wageni wameanza kushuka kwenye matatu pale Mbale, Luanda na Ahero wakiuliza njia. Kabla sijastaafu nilikuwa afisa wa kilimo, Vihiga kwanza kisha Nyando, na wageni wa namna hiyo nimetembea nao sana, shambani na zahanatini. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa kuwa ndiyo yenye mengi.

Hujambo Mama? Mimi ni mwanafunzi wa kilimo, mwaka wa tatu, hapa Njoro. Nimechaguliwa kwenda Malawi mwezi Juni na Julai pamoja na wanafunzi kutoka Marekani na Uholanzi. Asubuhi tutafanya kazi shambani na vikundi vya kina mama, mchana tutasaidia katika kituo cha afya. Ada ni shilingi 210,000 bila nauli ya ndege, na nimeanza kuchangisha nyumbani Molo. Baba ameniuliza, "Wakulima wa Kuresoi wamekukosea nini hata uwaruke uende Malawi?" Nilikosa jibu. Niende? Na nikienda, nifanye nini nisiwe mzigo kwa watu? — Kijana wa Njoro

Mwanangu, baba yako hajakukataza. Amekuuliza, na ameuliza vizuri. Usipande ndege kabla hujapata la kumjibu.

Anza na kalenda. Malawi mvua huanza kama Novemba na kukatika Aprili. Juni na Julai ni kiangazi, tena chenye baridi. Mahindi yameshavunwa, karanga zimeshang'olewa, mashamba ya juu ni makavu. Basi waandikie waliokuchagua, uwaulize, "Mwezi Juni kazi ya shambani itakuwa gani?" Wakikujibu kwamba mtapanda mahindi, na wasitaje maji ya kunyunyizia, ujue kazi hiyo imepangwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga huko. Wakikuambia mtakuwa katika bustani za mabondeni, zile wenyewe wanaziita dimba, ambako ardhi hubaki na unyevu hata kiangazi, au mtatengeneza mboji ya msimu ujao, au mtakausha na kumenya karanga, basi hapo kuna mtu anayeijua ardhi ile, na unaweza kumwamini kwa mengine pia.

Niruhusu nikae kidogo kwenye hizo karanga, maana ndizo zitakazokuonyesha kwa nini safari yako imeunganisha shamba na afya.

Karanga ikikauka sawasawa ganda lake huwa gumu. Kumenya gunia zima kwa vidole ni kazi ya siku nyingi, na ncha za vidole huchubuka hadi kutoa damu. Ndiyo maana kina mama wengi Malawi hunyunyizia maganda maji, au huyaloweka, yalainike. Punje nayo hunywa yale maji. Halafu hutiwa guniani, gunia hufungwa, na ndani yake kuvu huota. Kuvu hiyo ndiyo inayotoa sumukuvu, aflatoksini kama mnavyoiita darasani. Haina harufu, punje inaweza kuonekana nzima kabisa, na kuchemsha hakuiondoi. Inaharibu ini taratibu na huleta saratani. Ikiwa nyingi kwa mara moja, inaua upesi. Sisi Wakenya hatuhitaji kusimuliwa: mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 huko Makueni, Kitui na maeneo jirani.

Sasa wewe umefika, umesoma haya yote Njoro, na siku ya kwanza unamkuta mama na karai la karanga zilizolowa. Ulimi utakuwasha. Utataka kumwambia, "Mama, acha, hiyo ni sumu." Nyamaza kwanza. Vuta kigoda, menya naye mchana kutwa, kavu, bila maji. Jioni tazama vidole vyako. Ukitoka hapo uliza mnunuzi anapima kwa nini, kwa debe au kwa kilo, kwa sababu karanga yenye maji ni nzito na mizani haiulizi uzito umetoka wapi. Uliza kama kijijini kuna mashine ya mkono ya kumenyea, iko kwa nani, mtu hulipa nini kuitumia, na ikiharibika nani huitengeneza. Ukimaliza kuuliza hayo utakuwa umeelewa kwamba yule mama hakosi elimu. Anakosa mashine, na anakosa mnunuzi anayelipa zaidi kwa karanga kavu. Na mchana ukienda kituo cha afya utamkuta mtoto wake kwenye foleni, amelishwa uji wa karanga zile zile. Kazi ya asubuhi na kazi ya mchana ni kazi moja.

Hapo ndipo ninaposimama, na nimesimama hapo muda mrefu: kazi ya mgeni iwe ile ambayo kuna mwenyeji, mwenye jina na mwenye boma, atakayeiendeleza mgeni akishapanda basi. Kama mwenyeji huyo hayupo, kazi hiyo isianzishwe. Upande wa Kaimosi kuna kikundi kilichojengewa kivungulio cha plastiki na wanafunzi wa ng'ambo. Nyanya za kwanza zilikuwa nzuri mno. Kisha mvua ya mawe ikapasua plastiki, na kipande cha kushonea hakikupatikana Mbale wala Kisumu, kwa kuwa kilikuja kwenye masanduku ya wageni. Sasa hivi kuku wanalala humo. Tena ni kikundi chenye bidii. Walichokosa ni duka la vipuri.

Upande mwingine, namkumbuka binti mmoja aliyekuja kutoka Uganda, mwanafunzi wa kilimo kama wewe. Alikaa na kina mama wanaotunza mbegu za mboga za kienyeji, saga, mitoo, managu na mrenda, akawaomba wamfundishe. Aliandika kila alichoambiwa: mbegu ya mrenda huvunwa ganda likiwa na rangi gani, saga hukaushwa kivulini au juani, nani ana mbegu ya mitoo isiyo chungu sana. Kabla hajaondoka alinakili daftari lote kwa mkono akawaachia. Kikundi kile kinalifungua hadi leo msimu ukikaribia, na wameongeza kurasa zao. Maarifa yalikuwa yao tangu mwanzo. Yeye aliyaweka mahali ambapo mama kijana aliyeolewa jana anaweza kuyasoma.

Kuhusu kituo cha afya nitakuwa mkali. Kile ambacho huruhusiwi kumfanyia mgonjwa Nakuru, huruhusiwi kumfanyia mgonjwa Malawi. Hujasomea uuguzi. Usidunge sindano, usishone kidonda, usitoe dawa, usishike mtoto anayezaliwa, hata muuguzi akiwa amechoka na akakuita kwa mkono. Umaskini wa kituo haumpunguzii mgonjwa haki yake. Malawi wana wahudumu wa afya wa vijijini wanaolipwa na serikali. Omba kumfuata mmoja wao, ubebe mizani, ujaze daftari kwa maelezo yake, upange foleni, uhakikishe mtungi wa kunawia mikono una maji na sabuni haijaibwa. Utaona ni kazi ya kuchosha. Mwaka 2022 na 2023 nchi hiyo ilipigwa na kipindupindu kilichoua zaidi ya watu 1,700, kwa hiyo ndoo ya maji ya kunawa si jambo dogo pale.

Afya yako mwenyewe nayo. Njoro iko juu, zaidi ya mita 2,000, na mwili wako haujazoea malaria kama wa mtoto wa Nyando. Mwone daktari mapema akuandikie dawa ya kinga. Huanzwa kabla ya safari na huendelea baada ya kurudi, na vijana wengi huikatisha wakishafika nyumbani. Ukipata homa wiki kadhaa baada ya kurudi, sema ulikuwa Malawi, maana daktari wa Nakuru anaweza asiifikirie malaria. Chanjo ya homa ya manjano ipate angalau siku 10 kabla ya kuondoka. Cheti chake siku hizi hudumu maisha yote. Na Ziwa Malawi ni zuri kuogelea lakini lina kichocho, sawa na ziwa letu. Ukishaingia majini, pimwa ukirudi.

Tuje kwenye pesa. Shilingi 210,000 ni nyingi kwa Molo. Watu watakaokuchangia wameuza viazi na maziwa kuzipata. Waombe waandalizi wakuandikie: kati ya hizo, ngapi zinafika kwa familia itakayokulaza na kukulisha? Ngapi kwa kikundi? Nani kijijini alisema anahitaji wanafunzi, na alihitaji wafanye nini? Watu waaminifu hawakasiriki wakiulizwa hivyo. Wakizunguka, rudisha fomu. Na kwenye kadi ya mchango andika ukweli: unakwenda kujifunza kazi. Usiandike kwamba unakwenda kuwaokoa watu wa Malawi. Wachangiaji wako wanaelewa kujifunza, na watatoa.

Jibu la baba sasa. Kuanzia Jumamosi hii hadi uondoke, nenda Kuresoi. Viazi vyao vinanyauka na wanajua, lakini mbegu safi ni ghali, kwa hiyo wanarudia mbegu ya shambani. Kaa nao. Jifunze kunyamaza na kuuliza kwa lugha unayoielewa kabla ya kujaribu kwa lugha usiyoijua. Na ukiwa Malawi, kuna kitu kimoja cha kukitazama kwa makini: wanapanda mbaazi na karanga pamoja katika shamba moja. Mbaazi huanza kukua polepole, karanga hukomaa na kung'olewa kabla haijafunikwa, kisha mbaazi hubaki peke yake kwenye unyevu uliobaki. Zote mbili huacha naitrojeni ardhini, na mahindi ya msimu unaofuata hufaidi. Njoro ni baridi mno kwa karanga, najua. Lakini Ndhiwa na Teso wanalima karanga sana, na huko ndiko utakakokuwa na la kusema ukirudi. Mwambie baba hivyo: unakwenda kuwatafutia wakulima wa Kenya kitu, na Kuresoi umeshapita.

Mama, pokea salamu. Nimeletewa binti Mmarekani akae kwangu wiki sita. Anafanya kazi na kikundi chetu cha mboga na wahudumu wa afya. Ni mtoto mzuri, ananisaidia kuosha vyombo. Lakini nimekopa kwenye chama kumnunulia mkate, soseji na maziwa ya pakiti kwa sababu sijui kama vyetu vitamfaa. Tena siku ya watoto kupimwa uzito anapiga picha, na wengine wako uchi. Wazazi wamekuja kunilalamikia mimi. Naona haya kumkosoa mgeni. — Mama mwenyeji, Luanda

Dada yangu, hilo deni la chama lisimamishe leo. Huyo binti amevuka bahari aje kuishi na kikundi cha mboga. Mkate wa pakiti aliuacha kwao. Asubuhi mpe viazi vitamu vya rangi ya chungwa na chai. Kimoja kidogo cha kuchemsha, kama gramu 125, humtosheleza mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima, na watafiti walioipa dunia viazi hivyo walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016. Atafurahi kujua anakula kitu anachokisomea. Mchana ugali na omena, au mrenda uliochanganywa na kunde. Saga itamshinda mwanzoni kwa uchungu. Mboga hiyo ilaze kwenye maziwa usiku mmoja kama unavyowafanyia watoto, na umwonyeshe munyu wa majivu unavyochujwa kutoka kwa maganda ya maharagwe. Mwache achuje mwenyewe. Ukimwonyesha jikoni atajifunza mengi kuliko ukimfungulia soseji.

Unachopaswa kumlindia ni vitu vichache: maji yachemshwe hadi yatokote na yafunikwe, neti ifungiwe chini ya godoro kabla giza halijaingia, mboga mbichi zioshwe kwa maji hayo hayo, na choo kiwe na maji ya kunawa mlangoni. Tumbo likimharibika, na litaharibika, maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Ikizidi siku mbili au akiona damu, mpeleke hospitali.

Kuhusu picha, aibu unayoiona naielewa, nimelelewa huko huko. Lakini wazazi wamekuja kwako kwa sababu wewe ndiye mlango alioingilia, na ukinyamaza watadhani umekubali. Mwambie leo jioni, mkiwa mmekaa, kazi zimeisha, usimwambie mbele ya watu. Mwambie hivi: "Mwanangu, wazazi hawakupenda watoto wao kupigwa picha wakiwa bila nguo. Naomba tuzifute pamoja." Chukueni simu yake mzipitie mkiwa wawili. Anayetaka picha ya mtoto amwombe mzazi kwanza, amweleze itaenda wapi, na mzazi akisema hapana, basi. Hata sheria iko upande wenu: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data za mtoto, na picha yake imo. Kisha mkutano wa kikundi ukifika, mpe nafasi awaombe wazazi radhi mwenyewe. Usimwombee wewe. Ni msichana mkubwa, na kwa nilivyosoma barua yako nadhani ataumia kidogo halafu atakupenda zaidi.

Mama, mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, Ahero. Nimepewa mwanafunzi wa udaktari kutoka ng'ambo anifuate nyumba kwa nyumba. Anataka atoboe watu kidole kupima malaria na atoe dawa yeye, anasema kwao hataruhusiwa mpaka miaka miwili ijayo na hapa ndiyo nafasi yake. Msimamizi ameniachia niamue. — Mhudumu, Ahero

Hapana. Umeniandikia sababu yenyewe: kwao hataruhusiwa. Watu wa Ahero si wa kujifunzia.

Mkoba ule wa vipimo na dawa, tangu serikali ilipoanza kuwapa wahudumu laki moja nchi nzima mwezi Septemba 2023, uko chini ya jina lako. Kila kipimo unachoingiza kwenye simu ni chako. Akikosea dozi ya mtoto, atakayeulizwa na mama mtoto ni wewe, na wewe ndiye utakayekutana na mama huyo sokoni miaka yote inayokuja.

Lakini usimwache akizurura nyuma yako. Mfundishe utepe wa kupima mkono, ule unaoonyesha kama mtoto ana utapiamlo. Mtoto awe kati ya miezi 6 na 59. Mkono wa kushoto, ukunje kiwiko, tafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, weka alama kwa kidole, kisha ukunjue mkono ulegee kabisa ubavuni. Utepe uguse ngozi pande zote bila kuibana. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mtoto huyo anakwenda kituoni siku hiyo hiyo. Kutoka hapo hadi 12.5 ni njano, mama apewe rufaa na umrudie. Wageni wengi hukaza utepe kwa wasiwasi na kumfanya mtoto aonekane mgonjwa, kwa hiyo rudia kila kipimo chake wewe mwenyewe hadi uridhike. Hiyo ni kazi halisi, na mwanafunzi wa udaktari akiijua vizuri ametoka na kitu.

Zaidi ya hapo, kwenye boma lenye choo kisicho na maji ya kunawa, mkae naye mtundike mtungi wa lita 5 kwenye mti, tundu dogo karibu na mdomo, kamba hadi kijiti cha kukanyagia chini, sabuni pembeni. Mnajua nyinyi wa Nyando mafuriko yakishuka kinachofuata ni kuhara.

Na jambo la mwisho kwako. Mwache langoni kwanza. Ingia peke yako, umuulize mwenye nyumba kama yuko radhi mgeni aingie. Ziko nyumba unazobeba siri zao, dawa wanazomeza kila siku na jirani hajui. Akisita hata kidogo, mgeni abaki nje, na usimweleze kwa nini.

Mama, misimu kadhaa iliyopita mwanafunzi wa ng'ambo alitusaidia hapa kijijini kupanda mahindi kwa mtindo wa sukuma-vuta. Kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, ilipungua kweli. Sasa nyasi ya napia ya pembeni imedumaa na kugeuka njano, na desmodiamu ya katikati ng'ombe wa jirani wameila hadi chini. Yule mwanafunzi hapokei simu tena. Nianzie wapi? — Mkulima, Yala

Ndugu yangu, usimsubiri mwanafunzi. Mtindo huo haukutoka kwake. Ulibuniwa hapa hapa ziwani, Mbita, katika kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, na Dakta Zeyaur Khan na wenzake wakishirikiana na watafiti wa Rothamsted wa Uingereza. Harufu ya desmodiamu humfukuza nondo wa funza wa mabua, nyasi za pembeni humvuta akatage huko, na mizizi ya desmodiamu huiua kayongo kabla haijashika mizizi ya mahindi. Nakueleza hivi kwa sababu ukijua kila mmea una kazi gani, utajua ni upi umekufa na nini kimeachwa wazi.

Napia yako ina ugonjwa wa kudumaa, umeenea sana magharibi. Hauponi. Ng'oa mashina yote pamoja na mizizi, na usikate kipande hata kimoja kwenda kupanda kwingine, wala usimpe jirani, maana ndivyo unavyosambaa. Badala yake weka nyasi za brakiaria. Zinavumilia ukame, na ng'ombe anazipenda.

Desmodiamu usiihesabu imekufa. Kama ng'ombe hawakung'oa mizizi, itachipuka mvua ikirudi. Mapengo yaliyobaki yajaze kwa matawi yanayotambaa: kata yenye vifundo vitatu au vinne, zika vifundo viwili ardhini siku ambayo udongo umelowa, na usipande mahindi mengine karibu yake hadi ishike. Mbegu ni ghali, matawi ni ya bure. Zungusha ua wa miiba upande wa jirani kabla ya yote haya, au umwahidi mizigo ya nyasi ili afunge ng'ombe wake. La pili linadumu zaidi.

Wakati huo huo, kila kayongo inayotokeza ing'oe kabla haijatoa ua la zambarau. Mmea mmoja unaweza kumwaga mbegu elfu kadhaa, hata makumi ya maelfu, na zinakaa hai ardhini zaidi ya miaka 10. Usiitupe kando ya shamba wala kwenye mboji, ichome.

Kama hakuna mwenye brakiaria Yala, shuka hadi Luanda Kotieno, panda feri uvuke Mbita, uulize kituo kilipo, kila mtu anakijua. Nenda siku ya kazi, asubuhi. Beba shina moja la napia iliyougua ndani ya mfuko uliofungwa uwaonyeshe, na gunia jingine safi, lililolowa, la kurudia na vipandikizi.